Pia Akijulikana Kama

Karani wa Milimani, dirisha la tatu,
analamba kidole, anafunua faili,
anauliza bila kuinua macho:
"Hawa marehemu ni wangapi?"

Mmoja, nasema.
Alikuwa mmoja, na goti moja lililomuuma
kila alipokanyaga cherehani kwenye baridi ya Julai.
"Mimi hapa naona watu wanne."

Kipande kinasema Penina Siombua Muoki,
Siombua ya S na I, maana aliyeandika
alikuwa na foleni ndefu na wino haba.
Cheti cha kifo kimerudisha Y,
kikasahau Muoki.
Ploti ya Ruai, futi hamsini kwa mia,
miaka tisa ya kushona sare,
ni ya P. Syombua Kilonzo:
baba alikuwa keshaondoka, naye akarudi
kwenye jina la baba yake
kama mtu anayerudi kuchukua mwavuli.
Na daftari la chama cha mafundi, Soko la Uhuru,
halimjui yeyote kati ya hao.
Humo yumo Mama Ndinda,
hisa arobaini na mbili, deni hana.

Ndinda ni mimi.
Miaka yote hiyo nilikuwa jina la mtu mwingine
na sikujua kwamba lina hisa.

Wakili Okwemba yuko juu ya duka la betri, River Road.
Kila jina lina kiapo chake, asema,
na kila kiapo kina ada yake.
Kaka yangu Musyimi anapiga hesabu kwa kucha mezani:
"Angejiita jina moja tu, saa hizi tuna hati mkononi."

Lakini bibi alimwita Syombua
kwa sababu usiku ule, Mwala, mvua ilinyesha
baada ya miezi ya vumbi.
Mchungaji akasema mvua haibatizwi, akampa Penina.
Baba akabandika lake, kisha akaenda zake.
Nani alimuuliza yeye?

Yeye, aliyeshona majina ya watoto wa watu
ndani ya kola za sweta, kwa uzi mwekundu,
herufi ndogondogo, zisipotee shuleni.
"Jina ni la anayekuita," alikuwa akisema,
pini mdomoni. "Wewe mwenyewe hulitumii."

Sasa sikiliza neno ambalo Okwemba halijui.
Chini ya cherehani, ndani ya kopo la vifungo,
nilikuta kitabu cha akiba cha Posta,
jalada limechubuka.
Zena Salim.
Shilingi elfu moja mia nne na sitini.
Mwandiko ni wake: ile Z yenye mkia
aliyoishona kwenye kola za kina Zipora na Zuhura.
Anwani ni Pumwani, nyumba haina namba.
Akiba ya mwisho iliwekwa
mwezi mmoja kabla sijazaliwa.

Nilikaa sakafuni, vifungo vimenizunguka,
nikamwita kwa sauti ya chini: Zena.
Chumba hakikuitika. Hakikukataa pia.

Chifu wa Makadara aliandika barua, akapiga muhuri.
Gazeti la serikali likatutangaza siku thelathini,
mwenye pingamizi ajitokeze.
Musyimi aliziogopa siku hizo.
Mimi nilikuwa nikimngoja mzee fulani,
kofia mkononi,
aje amuulizie Zena.
Hakuja.

Leo kamishna wa viapo ananisogezea Biblia.
Mimi, Ndinda Muoki, naapa ya kwamba
Penina Siombua Muoki, Penina Syombua,
P. Syombua Kilonzo na Mama Ndinda
ni mtu mmoja, yuleyule.

"Kuna jina jingine lolote?"

Nje kuna mtu ananadi bahasha za kaki.
Musyimi anatazama saa.
Kopo liko nyumbani, kifuniko nimekikaza.

"Hakuna," nasema,
na mkono wangu juu ya Biblia hautetemeki,
jambo ambalo nitalifikiria usiku.

Muhuri ukagonga. Wanne wakawa mmoja.
Ada ni ya majina manne, akasema karani,
nami nikalipa ya manne.